Mnaouza "lishe ya mababu" mitandaoni, nani kawatuma kuwaachisha wazee wetu dawa?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mama yangu mdogo anaishi Machame, Kilimanjaro, ana kisukari cha siku nyingi. Mtu akamwingiza kwenye kundi la WhatsApp la "mtaalamu wa lishe", akalipa ada, akapewa masharti. Wanga ni sumu. Mababu walikula nyama na mafuta, ndiyo maana hawakuugua. Aache ndizi, aache maharage, aache uji wa ulezi. Ale nyama, mayai, siagi na supu ya mifupa. Na metformin, dawa yake ya sukari, aipunguze mwenyewe hadi aiache, eti mwili utajitibu. Sukari ikapanda, tukamkimbiza hospitali hajitambui. Tulipompigia huyo mtaalamu akajibu kwamba mama hakufuata masharti, kisha akamtoa kwenye kundi.

Nauliza: mababu gani hao? Babu zake mama mdogo walikuwa Wachaga wa kihambani. Walikula kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, walikula mboga za majani, walikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Nyama ilikuwa siku ya kuchinja, na mgao wake ulijulikana nani anapata nini. Leo mtu wa mjini anamwambia mjukuu wao kwamba migomba iliyozunguka nyumba yake ndiyo inayomuua!

Kinachouma zaidi ni kwamba utafiti upo, umefanyika hapo hapo Moshi. Watafiti wa hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi waliwachukua wanaume 77 wenye afya njema, wa vijijini na mjini, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature Medicine Aprili 2025. Waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro walipewa kwa wiki mbili vyakula vya kizungu: soseji, mkate mweupe, chipsi. Damu yao ikaonyesha inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuwaka kupita kiasi, imepanda, na chembe za kinga zikawa dhaifu kupambana na vimelea. Waliokuwa wakila vyakula vya kizungu wakarudishwa kwenye vya asili, yaani mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa na vyakula vilivyochachushwa, inflamesheni ikashuka. Kundi jingine lilikunywa mbege kwa wiki moja na nalo likaonyesha nafuu. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Ni utafiti mdogo, wa wanaume wazima wa afya, na haujasema ndizi zinatibu kisukari wala haujamruhusu mtu kulewa mbege. Lakini ndio ushahidi wetu kuhusu chakula chetu, na kwenye makundi yenu sijaona hata mmoja akiutaja. Mtautajaje wakati unasifu maharage, na ninyi mnauza mpango wa nyama?

Halafu mnabandika picha za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wakiwa na pinde, mnaandika "binadamu wa asili, mla nyama". Wahadzabe wanachimba mizizi mwaka mzima. Wanakula ubuyu, wanakula matunda madogo ya porini, na asali ni sehemu kubwa ya chakula chao. Nyama inaongezeka kiangazi, masika inapungua. Hiyo mizizi, ubuyu, matunda na asali ni wanga na nyuzinyuzi, vitu mnavyomkataza mama mdogo! Mnatumia sura zao kuuza, wao wanahangaika na ardhi yao kuliwa na mashamba na mifugo ya wengine, na hilo hamliandiki.

Mnaiga Wamarekani tu. Kule kulikuwa na Liver King, jamaa maarufu wa mitandaoni, aliyewaambia watu kifua chake kimejengwa na maini mabichi na maisha ya mababu. Desemba 2022 akakiri mwenyewe kwamba alikuwa akitumia steroidi, dawa za kujaza misuli. Huo ndio ukoo wa hii biashara.

Sipingi mtu kupunguza wanga. Mgonjwa wa sukari kupunguza ugali wa sembe, wali na soda, hata kliniki wanashauri hivyo. Ila ukibadilisha chakula ghafla, dozi nayo inatakiwa kuangaliwa na daktari anayepima sukari yako, na ndiye mwenye haki ya kusema punguza au acha. Mtu mwenye simu na akaunti ya wafuasi wengi hana haki hiyo, hata akijiita doctor. Muulizeni leseni. Muulizeni amesajiliwa wapi. Wa kwetu aliulizwa, akazima simu.

Kama una mzazi kwenye makundi haya, mpigie leo umuulize bado anameza dawa zake. Na kama ndugu yako naye aliachishwa, andika hapa chini aliambiwa nini na alilipishwa kiasi gani, maana nakusanya maelezo niyapeleke Wizara ya Afya.