Naomba ushauri: chipu ya Etheneti ENC28J60 au W5500 kwa bodi ya bei nafuu?

Wakuu, habari zenu. Nasanifu bodi ndogo ya maikrokontrola ATmega328P ya kusoma vihisi vya joto na kutuma data kwa kebo ya mtandao. ENC28J60 inavutia kwa bei, ila inaishia 10 Mb/s na kazi yote ya TCP/IP (kanuni za mawasiliano ya mtandao) inaiachia programu yangu, wakati RAM ni KB 2 tu. Fremu (kifurushi cha data) moja kamili ya Etheneti inapita baiti 1,500! W5500 ina TCP/IP ndani yake, soketi 8 (miunganisho ya mtandao kwa wakati mmoja) na bafa (kumbukumbu ya muda) ya KB 32, na moyo unaelekea huko. Kasi si shida. Nataka bodi isigande ikiachwa imewashwa miezi. Mliozitumia zote, gharama ya ziada inalipa? Au nihamie maikrokontrola yenye MAC ndani (sehemu inayoshughulikia fremu za Etheneti), niongeze chipu ya PHY (inayotuma ishara kwenye kebo) tu?