Bosi anafuatilia kila mstari, na kazi yenyewe naipenda. Nifanyeje?

Kalamu Nyeusi:
Wakuu, salaam. Nafanya usanifu wa machapisho: mabango, vipeperushi, vitabu. Kazi naipenda na sina mpango wa kuacha. Shida ni bosi. Anataka nakala ya kila barua pepe, "umefikia wapi?" inaingia mara tano sita kwa siku, na faili likimfikia anahangaika na rangi ya mstari. Kesho yake anataka irudi ilivyokuwa jana. Nimuanzeje bila kugombana?

Mzee wa Rasimu:
Pole mkuu. Anza na hizo "umefikia wapi". Anayeuliza mara sita hajui kazi iko wapi, basi mwambie kabla hajauliza. Chagua nyakati mbili za kudumu, tuseme saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Tuma mistari mitatu tu: kilichokwisha, kinachoendelea, kilichokwama. Hivi:

"Jalada tayari.
Kurasa 1–12 zimepangwa, 13–20 kesho saa sita.
Picha ya ukurasa wa 9: naomba uchague A au B kabla ya saa kumi, usipochagua naendelea na A."

Huo mstari wa tatu ndio wenye kazi. Uamuzi unabaki wake, na wewe hukai ukimsubiri. Ila usiutumie kwa jambo lisilorudi nyuma, kama kupeleka faili kwa mchapaji.

Wengi huharibu kwa kuandika ripoti ndefu; kila neno la ziada linazaa swali jipya. Wengine hutuma siku nne, bosi akipoa wanaacha, na maswali yanarudi makali zaidi. Shikilia wiki tatu hata kama hajibu.

Hilo la rangi lina chanzo kingine: anaiona kazi ikiwa imeshakwisha, kwa hiyo kilichobaki cha kugusa ni vitu vidogo. Mpelekee ikiwa robo, bila rangi, maboksi ya kijivu tu, na mtajie unachotaka akiangalie: "Leo tukubaliane mpangilio na vichwa. Rangi ni hatua ya pili."

Asiyechoka:
Na maagizo ya mdomo yaandike. Akishaondoka mezani kwako, tuma: "Nimeelewa kichwa kiwe bluu, nembo ishuke chini. Kama sivyo, nisahihishe." Kila toleo lihifadhi kwa namba, usifute hata moja. Akitaka la jana unalifungua tu, huchori upya. Lakini ukianza "si jana ulisema...", umeshageuza kumbukumbu kuwa fimbo.

Kalamu Nyeusi:
Hapo nimewapata. Na hizo nakala za barua pepe?

Mzee wa Rasimu:
Usimwombe "uniamini", atasikia lawama. Omba kipande kimoja chenye mipaka: "Vipeperushi vya ukurasa mmoja nivimalize mwenyewe kwa wiki mbili, muhtasari nikupe kila Ijumaa badala ya nakala ya kila barua pepe. Bajeti na wateja wapya vibaki kwako." Chagua kazi ambayo kosa lake linarekebishika. Wiki mbili zikiisha salama, ongeza aina nyingine. Kosa likitokea, alisikie kwako kwanza, pamoja na ulivyolirekebisha. Akilisikia kwa mteja, jaribio limekufa siku hiyo.

Bi Msemakweli:
Natofautiana kidogo. Kabla ya yote hayo, angalia: anawafanyia wote au wewe tu? Kama ni wote, ni tabia yake au anabanwa na wa juu yake, na mbinu hizo zitafaa. Kama ni wewe tu, muulize mkiwa wawili: "Ni kazi gani iliyokutia shaka?" Huenda kuna kosa la zamani ambalo hajakwambia.

Matusi, kufokewa mbele za watu, simu za usiku wa manane, huo si ufuatiliaji tena. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe na waliokuwepo, upeleke idara ya utumishi. Ila usimruke kwenda kwa bosi wake kwa sababu ya rangi ya mstari, tafadhali.

Kalamu Nyeusi:
Naanza Jumatatu na mistari mitatu. Lazima iwe saa tatu kamili?

Mzee wa Rasimu:
Angalia swali lake la kwanza huwa linaingia saa ngapi, utume dakika kumi kabla.