Mrejesho: Mguu gani utangulie?

Wakubwa, shikamooni. Niliwauliza: natumia mkono wa kulia kwa kila kitu, lakini nikisimama kupigana MMA (ngumi, mateke na mieleka pamoja) mguu wa kulia hutangulia wenyewe, na kocha wa ngumi hapa Nakuru anataka utangulie wa kushoto. Wengi mlisema nimtii kocha.

Nimebaki na wa kulia mbele. Aliyenishawishi ni kocha wa mieleka: ukimvamia mtu miguuni, mguu wa mbele ndio unaoingia kwanza, basi heri uwe ule wenye nguvu. Jabu, ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, nayo sasa inatoka kwenye mkono wangu mzito, na wenzangu wameanza kulalamika (nafurahi, sifichi).

Utamu uko kwenye teke. Karibu wote mazoezini hutanguliza kushoto, kwa hiyo teke langu la kushoto linawapata ubavu wa kulia, ini lilipo. Conor McGregor, mpiganaji wa MMA wa Ireland, husimama hivi hivi. Mwaka 2015 alimzima bingwa José Aldo kwa sekunde 13, kwa ngumi ya kushoto.

Yangu ya kushoto bado ni laini kama ugali wa mgonjwa. Halafu ngumi yao ya kulia hunijia moja kwa moja usoni nisipouweka mguu wangu wa mbele nje ya wao, na hapo tunakanyagana ovyo.

Kocha wa ngumi amekubali, kwa sharti moja: kila Jumamosi nipige begi kwa mkao wake, kushoto mbele.