Mnaouza "steji 2" Tabora na Kigoma, mnatuulia injini

Wakuu,

Imetosha sasa. Kwenye magrupu ya magari tangazo ni lile lile la kupakia faili jipya (ramani) kwenye kompyuta ya injini ili kuongeza nguvu: steji 1 bei hii, steji 2 bei ile, "farasi 60 za uhakika", fundi yupo Tabora mjini mpaka Jumapili kisha anashuka Kigoma. Watu wanalinganisha bei na farasi (nguvu ya injini) tu. Hakuna anayeuliza faili limetoka wapi wala limepangwa kwa mafuta gani. Baadaye Subaru Forester XT inaanza kutoa moshi wa bluu, ukishusha injini unakuta pistoni ya silinda namba 4 imemeguka kwenye kingo za ringi, na fundi anakujibu eti oili yako ilikuwa mbovu. Oili gani inamega pistoni?

Faili nyingi za EJ20, injini ya Subaru hizi, zinazogawiwa mitandaoni zimepangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chake kinaanzia 96 RON (kipimo cha oktani, yaani uwezo wa petroli kutojilipukia) na pampu nyingi kule zinauza 98 mpaka 100. Hapa 100 unaijaza wapi? Ukipakia taimingi (wakati plagi inapowasha moto) ile ile kwenye gari linalonywa petroli ya kwetu, mchanganyiko uliobaki pembeni ya silinda unajilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Hiyo ndiyo noki. Petroli ya madumu ya njiani ikiwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, oktani inashuka zaidi.

Mwinuko nao hawausemi kabisa. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni kama 0.88 bar. Faili likidai presha kamili (pamoja na ile ya hewa ya nje) ya 2.0 bar, pwani turbo, pampu inayosukuma hewa kwenye injini, inazidisha hewa mara 2, Tabora inalazimika kuizidisha karibu mara 2.27. Turbo ndogo ya Forester, TD04, inazungushwa kupita uwezo wake na kinachoingia kwenye injini ni hewa ya moto. Kigoma mjini, kando ya ziwa, ni kama mita 770, kuna nafuu kidogo. Kwa hiyo hata faili lililokaa vizuri Kigoma lazima lipimwe upya Tabora. Nani analipima?

Mtu akikuuzia ramani, mdai logi, yaani kumbukumbu ya vipimo vya injini gari likiendeshwa. Gia ya 3, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho, kutoka mizunguko 2,500 mpaka 6,500, na karatasi ioneshe presha, taimingi, marekebisho ya noki, AFR (uwiano wa hewa kwa mafuta), joto la hewa inayoingia na muda wa nozeli kufunguka. AFR turbo ikisukuma (busti) iwe 11.0 mpaka 11.5, ukiona 12.5 kwa petroli yetu, kataa gari lisitoke gereji. Nozeli zikifunguka zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, huna akiba ya mafuta. Kwenye Subaru za zamani IAM, namba inayoonesha kompyuta inaiamini taimingi kiasi gani, inatakiwa isimame 16. Ukiikuta 9, na kwenye mizunguko 3,600 kompyuta imerudisha taimingi digrii 2.8, ujue hizo "farasi 60" kompyuta imeshazitupa yenyewe ili injini isife. Umelipia hasara.

Na kabla ya kugusa kompyuta: pima kompresheni silinda zote nne, tafuta uvujaji wa hewa kwa moshi kuanzia turbo mpaka manifoldi, safisha sensa ya hewa, funga plagi za NGK namba 7 badala ya 6, pengo milimita 0.7. Wakati wa kuandika faili, chaja iwe kwenye betri, maana volti ikidondoka katikati kompyuta inaweza kufa pale pale. Faili la asili lisomwe na mwenye gari apewe nakala. Wengi hawasomi kitu, wanapakia tu juu.

Wenye Golf GTI ya DSG (giaboksi ya klachi mbili) gia sita, angalieni torki (nguvu ya kuzungusha) kabla ya farasi. Giaboksi ya DQ250 ilikadiriwa kubeba Nm 350, na steji 1 nyingi zinafika hapo au kupita, halafu klachi zinaanza kuteleza. Wenye GTI ya injini ya EA113, ifunguliwe kwanza kikombe kinachosukuma pampu ya presha ya juu. Kikiwa kimelika, ramani yoyote ni kazi bure.

Ile milio ya bunduki kwenye ekzosi mnayoitoza pesa ni taimingi iliyocheleweshwa makusudi, mafuta yanaungulia kwenye manifoldi na kuchoma turbo. Kuondoa kizuizi cha 180 km/h nacho mmekifanya "steji". Huo ni wizi!

Fundi yeyote wa Tabora au Kigoma anayepinga, aweke hapa logi mbili za gari moja, kabla na baada, akitaja na mafuta aliyojaza. Picha ya laptopu juu ya boneti hatuitaki.