Mshale wa mafuta unanichezea nikipanda Riat

Mama Omena

Hamjambo wenzangu. Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwani. Jumanne na Ijumaa natoka Kisumu na magunia hadi Mbale, nikibakisha nasukuma mpaka Kakamega. Gari ni Fielder kuukuu iliyotoka Japani, na kitabu chake ni Kijapani kitupu.

Sasa, mshale wa mafuta. Nikitoka Mamboleo mshale uko karibu na robo. Nikianza kupanda mlima wa Riat unashuka, unashuka, mpaka ile taa ya njano inawaka. Nikifika juu kule Kiboswa taa inazima na mshale unapanda tena, kama kuna mtu ameniongezea mafuta nikiendesha. Nimezoea kuipuuza.

Ijumaa iliyopita ikawaka, nikaipuuza, ikazima. Nikauza hadi Kakamega. Kurudi, kabla ya Chavakali, gari likakohoa mara tatu likazima. Mshale umesimama juu kidogo ya E, ile alama ya tangi tupu, na taa haijawaka! Jua la saa nane, magunia mawili ya omena nyuma. Waliokuja kunisukuma hawakukaa sana. Mwishowe kijana wa boda akaniletea petroli kwenye chupa ya soda.

Niamini mshale au taa? Na taa ikiwaka huwa nimebakisha kilomita ngapi?

Mtu wa Ahero

Taa ikiwaka una kilomita 50, mama, usiwe na presha. Mimi huenda mjini na kurudi nayo ikiwa inawaka.

Fundi Kondele

Wewe wa Ahero, barabara yako ni tambarare kama meza. Mpeleke huyo mama Riat na magunia yake uone.

Mama, ndani ya tangi kuna boya limeshikwa na mkono wa waya. Mafuta yakipungua boya linashuka, na ule mkono unasugua kipande chenye njia ya umeme. Umeme unaopita hapo ndio unaoambia mshale usimame wapi. Kwa hivyo geji haihesabu lita, inaangalia boya limefika wapi. Ukipanda mlima mafuta yanakimbilia nyuma ya tangi. Boya likiwa upande wa mbele linabaki juu ya mafuta kidogo, mshale unaanguka. Huo si ugonjwa. Soma geji gari likiwa mahali palipo sawa, basi.

Ugonjwa ni hiyo ya Chavakali. Kwenye magari mengi taa na mshale vinasikiliza boya hilohilo moja, sasa boya likikwama vyote viwili vinakudanganya kwa pamoja. Njia ya umeme ikilika kwa kusuguliwa miaka mingi ni vilevile. Wacha kuchagua wa kuamini, lete gari lifunguliwe.

Kilomita siwezi kukuambia. Gari dogo la tangi la lita 50 kwa kawaida huwasha taa likibakisha kama lita saba, lakini mzigo na mlima vinakula. Na usizoee kuendesha tangi likiwa tupu. Watu wanaogopa uchafu wa chini, lakini pampu huvuta kutoka chini siku zote, hata tangi likijaa. Ogopa joto. Pampu inakaa ndani ya petroli na petroli ndiyo inayoipoza.

Mzee wa Molo

Binti yangu, hiyo chupa ya soda imenisumbua kuliko mshale. Huku kwetu tulizika watu zaidi ya mia baada ya Sachangwan, Januari 2009, lori la petroli lilipoanguka watu wakaenda kuchota. Mvuke wake hauonekani na cheche ni ndogo. Nunua mtungi wa kubebea mafuta wenye kifuniko kinachokaza, na usiuweke umejaa ndani ya gari.

Mama Omena

Nimerudi na habari. Asante mzee, mtungi nimenunua.

Fundi, nilikuja kwako Jumatatu. Wengine mjue tu: mkono wa boya ulikuwa umepinda, unakwama palepale juu kidogo ya E. Tumebadilisha kipande chote. Jana taa ilipowaka barabara ikiwa tambarare, nikaenda moja kwa moja kujaza, pampu ya kituo ikakata kwenye lita 43. Tangi ni la 50, kwa hivyo lita saba zangu nazijua sasa. Nimeanza pia kusongesha ile hesabu ya safari kwenye dashibodi kuwa sifuri kila nikijaza. Gari hili linanipa kilomita 12 kwa lita nikiwa na mzigo, kwa hivyo nikipita 400 naingia kituoni hata mshale useme nini.

Ila fundi hajawaambia kitu kimoja. Alipoinua kiti cha nyuma kufikia tangi alikuta omena wamekaukia huko chini, sijui wa tangu lini. Akaniuliza kama anifungie.

Fundi Kondele

Kijana wangu wa gereji amewala, mama.