Mjadala: Jeshi lichunguzwe na nani, msomi wa chuo au aliyelala hanga la askari?

Kalamu Nyeusi
Wakuu, salamu. Naleta hoja, naomba mawe yasubiri nimalize. Huntington, msomi wa siasa wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kwamba dawa ya mapinduzi ni kumwacha ofisa awe bingwa wa kazi yake, asiingiliwe, na siasa aiache getini. Mwaka 1960 mwanasosholojia Janowitz akaja na lake: askari anayetengwa na jamii ndiye wa kuogopwa, mchanganye na raia. Tangu hapo wasomi wanauguguna mfupa huohuo. Sitaki kujua nani alikuwa sahihi. Nauliza kazi yenyewe ya kulichunguza jeshi na jamii yake iwe ya nani. Msimamo wangu: iwe ya mtu wa nje. Aliye ndani ana kiapo, ana wakubwa, ana kiinua mgongo anakisubiri. Mganga hajigangi.

Buti Kuukuu
Mganga hajigangi, sawa. Ila anayekuja kumganga naye awe mganga basi. Nimekula miaka 21 jeshini na hao watafiti wenu nimewaona kwa macho. Anashuka na viatu vya ngozi laini, kamkuta kuruta ametoka kwata tangu alfajiri, miguu imevimba, anamuuliza "unalichukuliaje suala la mamlaka ya kiraia juu ya majeshi?" Kuruta atasema nini? Atasema "vizuri afande." Msomi anaandika: asilimia mia wanaunga mkono. Mtu ambaye hajawahi kusimama lindo saa nane za usiku akipigana na usingizi wake mwenyewe, akaandike habari za kilimo.

Nungunungu
Afande, hao unaowatukana wengi wao walivaa. Moskos, yule mwanasosholojia wa jeshi wa Marekani, aliandikishwa jeshini kwa lazima kabla hajawa profesa. Janowitz alivaa sare Vita vya Pili. Sasa tuwaweke kundi gani, la ndani au la nje? Swali la Kalamu lina tundu kabla halijatoka nyumbani.

Dada Takwimu
Shikamoo afande Buti. Mimi ni mmoja wa hao wa viatu laini, kwa hiyo nijibu.

Nilizungushwa miezi saba kutafuta kibali, wapi sisemi. Kilipotoka nikaambiwa hojaji nimwachie ofisa, zikijazwa nitaitwa. Nikaitwa. Nilizikuta zimefungwa kwa kamba, kingo zimelingana kama mashuka yanayosubiri ukaguzi. Swali la tisa lilikuwa la kujaza: "Ungependa nini kibadilike kati ya kikosi na raia wanaokizunguka?" Karatasi ya kwanza: "Hakuna maralamiko." Kwa r. Ya pili, "Hakuna maralamiko." Miandiko tofauti, kalamu tofauti, mmoja kaandika kwa mshazari, mwingine herufi kubwa tupu, r ni ileile mpaka karatasi ya mwisho. Na swali lenyewe halikuuliza malalamiko!

Sasa linganisha na kundi la mwanasosholojia Stouffer, lililowahoji askari wa Marekani Vita vya Pili. Walianza na kikosi kimoja siku moja baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, na hadi vita inaisha walikuwa wamehoji zaidi ya nusu milioni. Karatasi hazikuwa na majina. Aliyezigawa na kusimamia alikuwa askari wa kawaida aliyefundishwa kazi hiyo, maofisa hawakuwemo chumbani. Ndiyo maana walipata majibu ambayo hakuna jenerali angeyabuni. Mfano: polisi wa jeshi, ambao vyeo kwao vilikuwa haba, waliridhika na utaratibu wa kupandishwa kuliko watu wa jeshi la anga, ambako vyeo vilikuwa vinamiminika. Ukiona kila jirani kapanda, wewe uliyebaki roho inakuuma zaidi. Hilo walilipata kwa kumtoa ofisa nje tu. Kwa hiyo mimi sijali mtafiti ni wa ndani au wa nje. Nataka kujua nani amesimama nyuma ya mgongo wa anayejibu.

Buti Kuukuu
Marahaba. Nimesoma yote nikakwama kwenye r. Kwa hiyo ujumbe uliotuletea ni kwamba askari hajui kuandika? Mtu analinda mpaka, ananyeshewa, halafu mwenye shahada anakaa kwenye feni kuhesabu herufi zake? Ndiyo dharau hasa ninayoisema.

Mpiga Soga
Afande, dada wa watu hana dharau, tumuerewe. Arikuwa anaereza tu hari harisi.

Buti Kuukuu
Endelea kuchekesha. Siku mambo yakiharibika utakimbilia mgongoni kwa nani?

Kamusi Hai
Kwa faida ya wasomaji: kitenzi ni lalamika, nomino malalamiko, wingi wa lalamiko. R haina pa kuingia hapo. Na "hojaji" ni neno zuri, ingawa wengine husema "dodoso". Napendelea hojaji.

Nungunungu
Kamusi, wapo watu wametamka r tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao kwa sababu lugha ya kwao haitenganishi l na r. Wapo wenye digrii tatu wanaosema hivyo. Usituletee ubwana wa matamshi.

Kamusi Hai
Nimezungumzia maandishi, si matamshi. Soma kabla ya kurusha miiba.

Kalamu Nyeusi
Wakuu, tumepotelea kwenye herufi moja. Hoja ilikuwa nani achunguze.

Buti Kuukuu
Haya, nakujibu. Marshall, mwandishi wa historia ya vita wa jeshi la Marekani. Huyo alikuwa mwanajeshi hasa, aliwafuata wapiganaji palepale walipotoka vitani akaongea nao. Aligundua ni asilimia 10 tu ya askari wanaofyatua risasi wakimwona adui. Majeshi yakabadili mafunzo kwa sababu yake. Msomi wako wa nje angeambiwa hayo? Askari humwambia askari mwenzake.

Nungunungu
Asilimia 15 hadi 25, mwaka 1947, si 10. Na afande, hapo umejifunga bao. Mwaka 1988 mwanahistoria Spiller aliifuatilia hiyo takwimu hadi mizizi yake, na ushahidi kwamba Marshall aliwahi kuwauliza askari swali hilo kwa utaratibu haukuonekana. Madaftari yake hayana hesabu hiyo. Yaani mtu wa ndani, mwenye buti na nyota, kaja na namba na dunia nzima ikaimeza kwa sababu tu yeye ni mwanajeshi, nani atambishia? Mzee wangu, huo ndio ugonjwa tunaouongelea.

Buti Kuukuu
Mzee wako yuko kwenu. Mimi bado nakimbia kilomita nane kila asubuhi.

Mpiga Soga
Kilomita nane, ila hoja imemshinda mita mia.

Nungunungu
Na Kalamu asishangilie, watu wa nje nao wana bwana wao. Mwaka 1964 jeshi la Marekani lilitoa fedha kwa mradi ulioitwa Camelot, mamilioni ya dola, wasomi wachunguze nini husababisha maasi katika nchi za watu na serikali ifanye nini kuyazuia. Galtung, msomi wa amani kutoka Norway, alialikwa, akakataa, na wenzake wa Chile wakajua nani yuko nyuma. Kelele zikawa kubwa mpaka mradi ukafutwa Julai 1965. Wasomi wale hawakuwa na kiapo wala kombati. Walikuwa na bajeti. Hundi nayo inajua kuamuru "nyuma geuka".

Kalamu Nyeusi
Nataka iandikwe hapa kwamba mimi sijawahi kupokea senti ya jeshi lolote. Utafiti wangu niliufanya kwa mshahara wangu, na kama Nungunungu ana ushahidi auweke, kama hana aombe radhi.

Nungunungu
Nani kakutaja?

Kalamu Nyeusi
Umesema "Kalamu asishangilie." Halafu moja kwa moja hundi. Sisi si watoto.

Mpiga Soga
Mimi nasemaje, utafiti wote huu wa nini? Kila kijana apite jeshini miaka miwili, mtaona jamii itakavyonyooka. Siku hizi mtoto hajui hata kutandika kitanda.

Buti Kuukuu
Leo umeongea. Jeshi ndiyo shule ya taifa.

Dada Takwimu
Hapo kuna majibu ya kupimwa, si ya hisia. Argentina walikuwa wanapeleka vijana jeshini kwa bahati nasibu, tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho. Bahati nasibu ni zawadi kwa mtafiti, maana aliyekwenda na aliyebaki hawakuchaguana kwa tabia. Mchumi Galiani na wenzake mwaka 2011 wakalinganisha. Waliopelekwa ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuwa na rekodi ya uhalifu. Marekani nako, bahati nasibu ya wakati wa Vietnam: mchumi Angrist alionyesha mwaka 1990 kwamba wanaume weupe waliotumikia walikuwa wakipata kama asilimia 15 pungufu ya wenzao, mwanzoni mwa miaka ya 1980, muda mrefu tangu warudi. Kitanda pengine walitandika vizuri.

Mpiga Soga
Hiyo ni Argentina, dada. Wale wana hasira za mpira.

Buti Kuukuu
Na hao waliokuja kuwa wahalifu, nani kasema jeshi ndilo lililowaharibu? Labda uraiani walikosa kazi. Unampa kijana nidhamu miaka miwili, unamrudisha mtaani mikono mitupu, ukimkuta gerezani unamlaumu sajini.

Dada Takwimu
Afande, hilo ni jibu zuri kweli, sina utani. Watafiti wenyewe walitaja kuchelewa kuingia kwenye soko la kazi kama njia mojawapo.

Buti Kuukuu
Usinipake mafuta. Suala la r halijaisha.

Nungunungu
Nirudi kwa Huntington kidogo, maana Kalamu alimpitia kama gari la abiria linaloacha kituo. Januari 1964, ndani ya wiki moja, askari waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya. Majeshi yote matatu yalilelewa na Mwingereza kwa mtindo wa askari asiyejua siasa. Tanganyika ililivunja jeshi lake ikaunda jipya mwaka huohuo, na safari hii siasa ikaingizwa ndani kwa makusudi, askari akapewa kadi ya TANU, chama tawala. Kwa kanuni ya Huntington huko ndiko kuliharibu jeshi. Lakini Uganda ndiyo iliyopinduliwa mwaka 1971. Nadharia iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja ikivalishwa mwingine inabana kwapani.

Kalamu Nyeusi
"Kama gari la abiria." Bado unanichokoza na radhi sijaiona.

Msoma Pembeni
Nimesoma kimya tangu juu, naomba niweke moja. Msomi wa siasa Naunihal Singh aliwahoji watu walioshiriki mapinduzi na majaribio ya mapinduzi Ghana, wa upande wa waliopindua na wa waliozuia, miaka mingi baada ya matukio. Yeye ni mtu wa nje, waliokuwa wakizungumza ni wa ndani, na wakubwa wao hawakuwa na meno tena. Alichotoka nacho ni kwamba askari siku ile hapigi kura ya moyo wake wala hapimi risasi za nani ni nyingi. Anachungulia wenzake wanaelekea wapi, maana hakuna anayetaka kumwaga damu ya mwenzake wala kubaki upande ulioshindwa. Ndiyo maana mpinduaji hukimbilia redio: akishasema "tumechukua nchi" kwa sauti isiyotetemeka, kila mmoja anadhani wengine wameshakubali. Nadhani hapa jibu la Kalamu lipo. Si suala la ndani au nje. Ni subira, na kuuliza wakati hofu imeshastaafu.

Kamusi Hai
"Mpinduaji" ni sahihi, ingawa wengi huandika "mpinduzi". Vilevile "gari la abiria" halina ubaya wowote, sioni matusi.

Kalamu Nyeusi
Matusi hayako kwenye gari, yako kwenye nia.

Mpiga Soga
Nia gari.

Buti Kuukuu
Dada Takwimu, nimelala nimeamka nalo. Sikiliza. Nilikuwa karani wa kombania miaka minne. Karatasi kama zako zilikuwa zinakuja, za wizara, za vyuo, za wazungu. Tulikuwa tunaitana bwaloni baada ya chakula cha mchana. Meza zinafutwa, watu wanakaa wanne wanne. Ofisa anasoma swali kwa sauti, anatoa jibu, karani anaandika ubaoni kwa chaki, watu wananakili. Ukimaliza unainua mkono, unapita kukaguliwa. Asiyenakili sawasawa anarudia. Kama ubaoni kuna kosa, mia wana kosa hilohilo, na hata mwalimu wa zamani aliyekuwa kwenye foleni ataliandika vilevile, maana hakuambiwa asahihishe, aliambiwa anakili. Kwa hiyo r yako haikuwa ya askari. Ilikuwa ya ubao. Hilo nilitaka liingie kwenye rekodi, msije mkasema vijana wetu hawajui kusoma.

Na mimi ubaoni sijawahi kuandika kwa r.

Dada Takwimu
Afande, nakushukuru kuliko unavyodhani. Hilo la ubao nililikosa kabisa. Swali moja tu: wewe uliyeandika kwa l, uliandika nini?

Buti Kuukuu
Hilohilo.