Tupeane uzoefu: mama anapotutoka kwa uzazi, muda ulipotelea wapi?

Mbukwenyi wana Dodoma, na majirani zetu wa Singida.

Nianze na langu. Msimu wa mvua uliopita nilimzika mdogo wangu, kijijini Chamwino. Alijifungulia nyumbani kwa wakwe zake saa nne usiku, mtoto akalia, vigelegele vikapigwa. Kondo la nyuma halikutoka. Wakampa chai ya moto, wakasema litashuka lenyewe. Saa saba khanga ya tatu ilishalowa na damu imeingia kwenye mkeka, ndipo mtu akatoka kutafuta usafiri. Korongo limejaa. Tulifika zahanati alfajiri, viganja vyake vyeupe kama unga. Damu ya kumwongezea pale hakuna. Alikata roho tukisubiri gari.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 unasema vifo vya uzazi ni 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015-16 ulisema 556. Nashukuru Mungu kwa hilo. Lakini kwetu msiba umeingia, na nataka kujua kwenu ilikuwaje.

Bodaboda wa Bahi
Pole sana dada. Nimewahi kumbeba mama mwenye uchungu, yeye katikati, mama mkwe nyuma amemkumbatia asianguke. Kila shimo analia. Siku hizi nawaambia watu wapige 115, ni bure. Wanatafuta gari la wagonjwa, likikosekana wanamtuma dereva wa karibu na analipwa na serikali. Wengi vijijini hawaijui hiyo namba, jamani.

Baba wa Mpwapwa
Kwangu aliyechelewesha ni mimi mwenyewe. Mke wangu alishafanyiwa upasuaji uzazi wa kwanza. Wa pili uchungu ukaanza nikiwa mnadani, simu haina chaji. Nyumbani wanasubiri baba aseme. Nimefika jioni, mfuko wa uzazi umeshapasuka. Yeye alipona, mtoto hatukumpata. Mimba iliyofuata nilimpeleka mwenyewe chigonela, ile nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, wiki tatu kabla, na unga na kuni nikabeba. Na hela ya safari nilimwachia mkononi mwake.

Nesi mstaafu
Poleni wanangu. Mimi nitasema la kifafa cha mimba, maana linafichwa. Binti analalamika kichwa, macho yanaona ukungu, uso umevimba. Akianza kudegedega wanasema mashetani, anapelekwa kwa mganga. Nilimpokea mmoja ana chale mbichi kifuani na presha iko juu sana. Sindano ya magineziamu ipo, na inaokoa, ila aletwe. Presha ikifika 140 kwa 90 kliniki, usikubali kurudi nyumbani bila maelezo. Mwingine tulimpima presha mara moja tu miezi tisa yote, hakurudi tena. Ukimwona mjamzito hapo mtaani muulize kadi yake.

Mwanzisha mada
Asante sista. Naomba unijibu moja. Kondo lisipotoka, mtu asubiri muda gani?

Nesi mstaafu
Hospitali tunahesabu nusu saa, mwanangu, na dawa tunazo mkononi. Nyumbani usihesabu, tafuta usafiri hapo hapo. Na damu ikifika kujaza chupa ya maji ya nusu lita, hiyo tayari ni hatari.

Mwanzisha mada
Sisi tulikaa masaa matatu.